Msamiati mzito wa Kiingereza kwa mtihani wa kuingia uzamifu: unaushika vipi ukakaa?

BintiTudor

Asalaam aleikum nyote. Nahitaji ushauri wa watu wanaoujua mtihani huu. Naomba nafasi ya uzamifu wa sayansi ya bahari Marekani na idara inataka alama za GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamifu huko. Hesabu hainitishi. Kinachonikwaza ni sehemu ya Verbal, yaani ya lugha, hasa maswali ya kujaza mapengo. Zimebaki wiki 13.

Kwa sasa natumia orodha ya maneno 3,500, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande wa pili, nasoma maneno 40 kila jioni. Siku hiyohiyo nikijiuliza nayajua, wiki ikipita nusu yamekwisha kuruka. Na hata yaliyobaki hayanifaidi sana: neno nalijua, sentensi naielewa kiasi, na jibu bado linanikwepa.

Je, maneno 40 ni mengi? Kutafsiri kwa Kiswahili kunadhuru? Na hii habari ya kujifunza mizizi ya Kilatini na Kigiriki ina maana au ni kupoteza wakati? Nafasi yangu ni saa moja na nusu jioni, pamoja na muda wa kuvuka feri asubuhi.

Maalim_Kibokoni

Waaleikum salaam dadangu.

Hiyo orodha iweke kando kwanza. Orodha nyingi za namna hiyo zimepangwa kwa alfabeti, na kwa kumbukumbu hakuna mpangilio mbovu kuliko huo. Unakutana na "ingenious" na "ingenuous" jioni moja, "venal" na "venial" jioni moja, na kichwa kinayafunga pamoja yasiachane tena. Maneno yanayofanana kwa sura yatenge kwa wiki mbili hivi. La kwanza likishakaa ndipo umlete pacha wake.

Tena nyingi ya orodha hizo zilitungwa kwa mtihani ambao haupo tena. Zamani GRE ilikuwa inakupa neno tupu utafute kinyume chake, au maneno mawili utafute milinganisho. Maswali hayo yaliondolewa 2011. Leo hakuna neno la msamiati linalokujia bila sentensi. Anayekariri neno na tafsiri yake anajiandaa kwa swali lililokufa, na ndiyo maana unasema neno unalijua na jibu unalikosa.

Umbo la sasa, tangu Septemba 2023, ni hili: Verbal ina sehemu mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 18, ya pili maswali 15 kwa dakika 23. Ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi, na hiyo ni habari njema. Karibu nusu ya maswali yote ni Text Completion na Sentence Equivalence, yaliyobaki ni ufahamu. Text Completion ina pengo moja hadi matatu. Pengo likiwa moja una chaguo tano, yakiwa mawili au matatu kila pengo lina chaguo tatu. Sentence Equivalence ina pengo moja na chaguo sita, unachagua mbili zinazoipa sentensi maana moja. Zote mbili hazina nusu alama: ukipata mapengo mawili kati ya matatu umepata sifuri. Lakini jibu la makosa halikukati kitu, kwa hivyo usiache swali tupu hata ukiwa unabahatisha.

Sasa kadi. Mbele ya kadi weka sentensi ya Kiingereza yenye pengo. Nyuma weka vitu vinne: neno lenyewe, maana kwa Kiswahili kwa maneno machache, alama ya + au − au 0 kuonyesha kama neno linasifu, linalaumu au halina upande, na neno mwenza mmoja. Mfano:

Mbele: The clerk gave the form a ____ glance and stamped it unread.
Nyuma: perfunctory. Ya kutimiza wajibu tu, bila kujali. (−) Mwenza: cursory.

Kisha kadi ya pili ya neno hilohilo, mbele "perfunctory" peke yake, nawe unatamka maana na alama kabla ya kugeuza. Sema kwa sauti au andika. Kugeuza kadi kisha kujiambia "aa, hili nalijua" si kujiuliza, ni kujidanganya. Orodha yako ya safu mbili ina kasoro hiyohiyo: jicho linaona majibu kabla kumbukumbu haijasumbuka, na kumbukumbu isiposumbuka haishiki.

Kiswahili hakidhuru, mradi kisiwe neno moja kwa neno moja. "Perfunctory = juujuu" itakuponza. "Ya kutimiza wajibu tu, bila kujali" inakupa tabia ya neno.

Kiasi: maneno 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 10. Hayo ni maneno 600, na ukiyashika kwelikweli yanakutosha kuliko 3,500 ya kupapasa. Maneno 10 ni kadi 20 mpya. Baada ya wiki tatu hivi marudio yatapanda hadi kati ya 150 na 200 kwa siku. Ukitumia sekunde 8 kwa kadi, hiyo ni dakika 20 hadi 27. Sasa piga hesabu ya maneno 40: kadi 80 mpya kila siku, marudio 600 hadi 800, saa moja na nusu inakwisha kabla hujagusa swali hata moja. Wengi huvunjikia hapo, wiki ya tatu au ya nne, wakadhani kichwa chao ni kibovu.

Programu ya Anki inakupangia marudio yenyewe. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure, kwenye iPhone inalipiwa, lakini kurasa zake za intaneti ni bure kwa kila simu. Jihadhari na kitufe cha Hard. Programu inakihesabu kuwa umekumbuka, ila kwa taabu. Ukikibonyeza kila unaposahau, kadi zitazidi kuahirishwa hali huzijui. Umesahau? Bonyeza Again, hata ikiuma. Na kadi ukiikosa mara 8 Anki itaitia alama ya kadi sugu, na kwa mipangilio mingine itaifungia. Usiing'ang'anie. Kadi hiyo ni mbovu, iandike upya kwa sentensi nyingine.

Mizizi: jifunze kama 30 hivi, isizidi. "Loqu" ya kusema inakupa loquacious, eloquent, circumlocution, colloquial. "Greg" ya kundi inakupa gregarious, aggregate, segregate. Sisi tuliozoea kuona soma, msomi, somo, somesha, usomaji hatupati taabu kuona neno likizaa.

Mhariri_Ganjoni

Maalim amemaliza habari ya kadi. Mimi nashika pale uliposema sentensi unaielewa "kiasi". Alama zinavujia hapo, na mara nyingi kosa haliko kwenye neno kubwa unalolihofia. Liko kwenye vineno vidogo vinavyoigeuza sentensi kichwa chini.

Tazama "The fishery had all but collapsed." Msomaji wa haraka anaona "yote isipokuwa kuporomoka". Kumbe maana yake uvuvi ulikaribia kabisa kufa. Inayokana ni dada yake: "The minutes were anything but brief", kumbukumbu za mkutano hazikuwa fupi hata kidogo. Halafu "He is nothing if not punctual", ambayo ina "nothing" na "not" ndani yake lakini inathibitisha kwa nguvu zote: kama kuna sifa moja aliyo nayo ni kufika kwa wakati. "For all its length" si "kwa urefu wake wote", ni "licha ya urefu wake". Na "if" inayokaa katikati ya koma, kama "a useful, if tedious, survey", haina sharti lolote. Ni "ingawa": una manufaa, ingawa unachosha. Ongeza "not so much A as B" (ni B kuliko A), "hardly", "far from", "albeit", "notwithstanding", "let alone", na kitenzi "belie", kinachosema kwamba sura ya nje inaficha ukweli wa ndani.

Ukivikusanya vyote havifiki hamsini. Vitengenezee kadi wiki ya kwanza, kabla ya kivumishi chochote. Mbele weka sentensi nzima, nyuma andika Kiswahili chake chote, kwa sababu hapa unachojipima ni mwelekeo wa sentensi.

Sasa jaribu hili la Sentence Equivalence, chagua mawili:

Far from being ____, the harbour master's report ran to eleven pages on a matter that two would have settled.
terse / verbose / candid / laconic / prolix / thorough

Ripoti ni ndefu kupita kiasi. Kwa hivyo jicho linakimbilia "verbose" na "prolix", na kweli ni visawe, na kweli vinasema ripoti ilivyo. Lakini "far from being" inataka kile ambacho ripoti siyo. Jibu ni "terse" na "laconic". Mtunga swali ameweka jozi mbili kamili makusudi. Kwa hivyo ile mbinu inayouzwa kila mahali, ya kutafuta visawe viwili na kusonga mbele, ni nusu tu ya kazi. Inakusaidia kutupa maneno yasiyo na mwenza: "candid" na "thorough" zinaondoka kwa sababu hata zingefaa, hakuna neno jingine litakalotoa sentensi yenye maana ileile. Baina ya jozi zilizobaki, anayeamua ni mwelekeo wa sentensi.

Utaratibu wa kila swali, usiuvunje: funika chaguo kwa kiganja. Tafuta kineno kinachogeuza au kinachoendeleza. Tia neno lako mwenyewe kwenye pengo, hata la Kiswahili, hata la kitoto: "-fupi", "-baya", "haamini". Weka + au −. Ndipo ufunue. Kwenye swali la mapengo matatu usianze na la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Anza na lile lenye ushahidi mwingi kulizunguka.

Jaribu na hili, majibu nawaachia wengine:

The dredging plan was not so much __1__ as __2__: nobody rejected it, but every committee found a reason to meet again.
1: opposed / admired / understood
2: expedited / deferred / vindicated

Jambo la mwisho ni madaraja ya maana. Kiswahili tunasema mtu "mkaidi" na tumemaliza. Kiingereza kimeligawa. "Tenacious" na "resolute" ni sifa, mtu hashindwi. "Obstinate" ni lawama ya kawaida. "Intransigent" hataki mapatano, utalikuta kwenye siasa na mazungumzo ya mishahara. "Recalcitrant" anakaidi mwenye mamlaka. "Obdurate" ni moyo mgumu, hata umlilie. Ukiandika "mkaidi" nyuma ya kadi zote sita, umetengeneza kadi moja mara sita. Hivyo hivyo pesa: "frugal" na "thrifty" ni pongezi, "parsimonious" na "miserly" ni ubahili. Na maneno mengi: "voluble" ni msemaji asiyekwama, "garrulous" ni domo kaya, "verbose" na "prolix" hukaa zaidi kwenye maandishi. Panga makundi kama haya 25 au 30, kila moja kwenye mstari mmoja kutoka − hadi +. Ni kazi ya jioni mbili tatu na faida yake hutaiamini.

Kipanga_Likoni

Jibu la hapo juu: opposed, deferred. Mpango haukupingwa, uliahirishwa tu. Nusu ya pili ya sentensi ndiyo imefafanua yote, baada ya nukta mbili. Nukta mbili na nukta mkato kwenye maswali haya ni kama mtunga swali anakunong'oneza.

Kwa mizizi sikubaliani na Maalim, samahani. Mizizi inafaa kushikilia neno ukishajua maana yake. Kuitumia kukisia neno usilolijua ni kujitia kitanzi, kwa sababu watunga maswali wanapenda yale yanayowasaliti wakisiaji. "Enervate" inasikika kama kutia nguvu, kumbe ni kudhoofisha. "Restive" si aliyepumzika, ni asiyetulia. "Noisome" haina kelele, inanuka. "Invaluable" si kisicho na thamani, ni chenye thamani isiyokadirika. "Inflammable" inawaka vizuri tu. Na hiyo "greg" ya Maalim: "egregious" kwa asili ni aliyetoka nje ya kundi, zamani ilikuwa sifa, leo ni ubaya uliopindukia. Mzizi utakuambia kundi, hautakuambia sifa au lawama.

Kwa asiyetaka kukodolea simu macho: sanduku la karatasi lenye vyumba vitano. Nunua manila, karatasi ya A4 inatoa kadi 8. Kadi mpya huingia chumba cha 1, unachokirudia kila siku. Ukijibu sawa inapanda: chumba cha 2 kila baada ya siku mbili, cha 3 kila siku nne, cha 4 kila wiki, cha 5 kila wiki mbili. Ukikosa, iwe iko chumba gani, inarudi cha 1. Watu huiteremsha chumba kimoja tu kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo inayokujazia chumba cha 3 maneno nusunusu.

Tena andika tarehe juu ya kila chumba, la sivyo utasahau cha 4 kinarudiwa lini.

Kwenye feri rudia tu, usijifunze neno jipya. Chukua vyumba vya 1 na 2 vimefungwa raba. Neno jipya linataka kamusi, sentensi, na kuandika, na hayo hayafanyiki umesimama umebanwa baina ya mkokoteni na baiskeli. Anayetumia Anki apakie kadi kabla ya kutoka nyumbani, maana programu ikishapakia haihitaji mtandao.

BintiTudor

Shukran sana, nimeanza kuona kasoro iko wapi. Mawili tu. Nimekuta sentensi "the author qualifies her claim in the final paragraph" na hakuna neno gumu hata moja, lakini kufuzu hapo hakuingii. Kuna mengine ya namna hii? Na je, haya maneno 600 niyatumie kwenye insha ya GRE ili nionekane najua?

Mhariri_Ganjoni

Yapo, na ni hatari kuliko magumu kwa sababu hakuna anayeyatafuta kwenye kamusi. "Qualify" hapo ni kuliwekea dai mipaka, kulipunguza makali. Ongeza haya kwenye kadi zako, kila moja na sentensi yake:

"check" ni kuzuia. "Temper" ni kupunguza ukali. "Flag" ni kulegea au kuishiwa nguvu. "Want" ikiwa nomino ni ukosefu. "Arresting" ni yenye kuteka macho. "Pedestrian" ikiwa kivumishi ni ya kawaida isiyo na ladha. "Economy" ya mwandishi ni kusema mengi kwa maneno machache. "Discriminating" ni mwenye jicho pevu la kuchagua, na ni sifa. "Disinterested" ni asiye na upande wala maslahi, tofauti na "uninterested" asiyejali. "Sanction" ina maana mbili zinazogombana, kuruhusu na kuadhibu, sentensi ndiyo inayoamua. "Table" nayo: kwa Wamarekani ni kuahirisha hoja, kwa Waingereza na bungeni kwetu ni kuiwasilisha. Mtihani ni wa Marekani, kwa hivyo shika maana yao.

Kuyapata mengine ni rahisi. Kila unapokosa swali ambalo maneno yake yote unayajua, fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza usome maana ya tatu na ya nne ya neno jepesi kuliko yote kwenye sentensi. Mara nyingi mwizi ni huyo.

Insha: hapana. Una dakika 30 na swali moja, na anayesahihisha anatafuta hoja, mifano, na Kiingereza kinachoeleweka. Neno zito lililokaa vibaya linaharibu zaidi ya neno jepesi lililokaa sawa. Kanuni yangu: usiandike neno ambalo hujawahi kuliona kwenye sentensi tano za watu wengine. Shida haiko kwenye maana peke yake. Kuna majirani wa neno. Unaweza kusema "mitigate the risk", lakini "mitigate the happiness" ni kichekesho, ingawa kamusi inasema kupunguza.

MamaMtopanga

Niwaongezee wanaopita hapa na lengo lao ni Uingereza: kwanza someni barua ya masharti ya chuo. Huko mara nyingi kinachotakiwa ni IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza cha mgeni, na IELTS haipimi msamiati hivi. Kwenye insha zake mbili, ya maneno 150 na ya maneno 250, msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa, na wanachopima ni usahihi na majirani wa maneno, kama Mhariri alivyosema. Kwa kazi hiyo maneno 600 ya GRE ni mzigo wa bure. Inayofaa ni Academic Word List ya Averil Coxhead ya mwaka 2000: familia 570 za maneno yanayorudi kwenye maandishi ya kitaaluma ya fani zote, zimegawanywa katika orodha ndogo 10, yanayotumika zaidi yakiwa orodha ya 1. Binti, hata wewe zipitie. Ukikuta huzijui za orodha ya 1 hadi ya 5, hizo ndizo zitangulie, kabla ya "obdurate" na wenzake, kwa sababu zimejaa kwenye vifungu vya ufahamu.

Na kwa vyovyote vile, weka daftari la makosa. Kila swali ulilokosa, au ulilolipata kwa bahati, liandikie herufi moja. N: neno sikulijua. P: maana ya pili ya neno jepesi. D: daraja, nilijua maana nikakosa sifa au lawama. V: vineno vya kugeuza. H: haraka. Baada ya maswali 50 hesabu. N zikiwa nyingi, endelea na kadi kama ulivyo. V na D zikishinda N, punguza maneno mapya hadi 5 kwa siku na muda uliobaki ufanye maswali, kwa sababu shida yako si uchache wa maneno. H zikishinda, shida ni saa: jiwekee sekunde 45 kwa Sentence Equivalence, dakika moja kwa pengo moja, dakika moja na nusu kwa mapengo matatu. Zikipita, chagua, weka alama, songa. Ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kurudi nyuma kwenye swali uliloliwekea alama.

Makosa ya N usiyahamishe yote kwenye kadi. Neno lililokuja mara moja kwenye swali la kampuni ya mafunzo liache. Likija mara ya pili, kwingine, liandikie kadi.

Maalim_Kibokoni

Hapo kwa maswali ya kampuni naongeza jambo. Watunzi wa nje hupenda kufanya swali gumu kwa kutafuta neno la nadra. ETS, wenye mtihani, hulifanya gumu kwa sentensi iliyopinda na maneno ya kadiri. Ukijifunzia ya nje peke yake utaingia na maneno makubwa na jicho dogo. POWERPREP ina mitihani miwili kamili ya bure kutoka ETS wenyewe. Usiimalize wiki ya kwanza kwa hamu. Wa kwanza ufanye mwisho wa wiki ya 3, kadi zikiwa zimeshazoeleka, na daftari la MamaMtopanga mkononi. Wa pili wiki ya 12, kwa saa ileile ya siku utakayofanyia mtihani wenyewe.

Kipanga, kuhusu "egregious" umenishika, lakini mizizi 30 siitoi.

Ratiba ya jioni, Binti, kwa dakika 90 zako: marudio ya kadi dakika 25, na yakifanyika kwenye feri asubuhi muda huo unabaki. Maneno mapya 10 dakika 30, pamoja na kuandika sentensi. Ikiwa neno moja linakula zaidi ya dakika tatu, sentensi uliyochagua ni ndefu mno. Maswali 10 ya Text Completion na Sentence Equivalence, ukijipima kwa saa, dakika 12. Dakika zilizobaki zote ni za kusahihisha, na huko ndiko kuliko na chakula: kwa kila swali eleza kwa nini kila chaguo ulilolikataa limekataliwa, hata kama jibu ulipata. Ramadhani ikikuta katikati, marudio yapeleke baada ya daku na maneno mapya uyapunguze kwa nusu, wala usifidie kwa kujirundikia wikendi.

Siku ya saba hakuna neno jipya. Soma makala moja ndefu ya Kiingereza ya fani isiyo yako, historia ya sanaa au falsafa ya sheria kwa mfano, kwa sababu vifungu vya ufahamu havitakuja vya bahari tu.

Wiki ya 11 funga mlango wa maneno mapya. Marudio yanaendelea hadi siku ya mwisho, nayo yatapungua yenyewe. Ukifanyia mtihani nyumbani, karatasi ya kawaida hairuhusiwi kuandikia: tafuta ubao mdogo mweupe, au karatasi uiweke ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na kalamu inayofutika. Mazoezi ya wiki mbili za mwisho yafanyie juu ya kitu hichohicho, maana wanaozoea daftari hujikuta wakifuta ushahidi wa pengo la kwanza kabla hawajamaliza la tatu. Na kama alama hazikukuridhisha, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, kwa hivyo tarehe ya kwanza usiisogeze karibu mno na siku ya mwisho ya maombi ya chuo.